Kwa Nini Upendo Ufanyiwe Usaili?



Jumapili moja ya mwaka wangu wa kichungaji, wakati wa matangazo, Baba Paroko alimkaribisha mbele mama mmoja wa makamo. Alikuwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yetu. Watu wa pale humwita Mama Ustawi tu. Aliongea dakika tano. Hakulia, wala hakuonyesha picha za watoto wenye huzuni. Alisema kuna watoto wanaohitaji familia: wengine kwa wiki chache, wengine kwa miaka, na wachache kwa maisha yote. Anayeguswa aje ukumbini Jumamosi saa nne asubuhi, na mume aje na mkewe. Akashukuru, akarudi kukaa.

Baada ya Misa alizungukwa pale chini ya mwembe, na mimi nikapewa daftari niandike majina. Jamani, nilijifunza mengi kwa nusu saa ile. Mmoja alitaka kichanga wa kike. Mwingine alitaka mtoto asiye na ndugu hata mmoja, "asije akadaiwa baadaye." Mama mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna binti wa miaka kumi na miwili hivi, "anayeweza kunisaidia na kazi za nyumbani." Mama Ustawi alikuwa ametaja wavulana wawili, ndugu wa tumbo moja, mmoja miaka minane na mwingine kumi na mmoja. Hao hakuna aliyewauliza.

Kisha akaja mzee mmoja wa UWAKA, mtu ninayemheshimu sana. Alipoambiwa kwamba kuna Jumamosi kadhaa za mafundisho, barua ya mwenyekiti wa mtaa, vipimo vya hospitali, wadhamini, na afisa kuja nyumbani kuona, alikasirika. "Frateri," akaniambia, "mimi nataka kufanya tendo la huruma, na hawa wananiletea fomu. Yesu alimpokea nani kwa fomu?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Lakini usiku ule swali lile halikuniacha nilale. Nimesoma falsafa miaka mitatu, na nawaambia ukweli, mzee yule aliuliza swali la kifalsafa kuliko maswali mengi ya mtihani. Kwa nini upendo ufanyiwe usaili? Mtu anayezaa haulizwi chochote. Hakuna afisa anayekuja kukagua kitanda kabla ya mimba. Kwa nini basi yule anayetaka kumpokea mtoto wa mwingine, tendo ambalo ni gumu zaidi na jema zaidi, ndiye anayechunguzwa? Je, si kulitukana tendo lake?

Mtoto aliyeficha ugali

Kabla sijajibu lazima niwaambie kwa nini swali hili linanihusu. Sijawahi kuandika habari hii.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, wazazi wangu walimleta nyumbani mvulana wa miaka tisa. Mama yake alikuwa amefariki, na baba hakujulikana alipo. Aliletwa kwa njia ya kawaida yetu: mtu alimjua mtu, baba akasema "aje tu, tutagawana kilichopo." Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Wazazi wangu ni watu wa Jumuiya, watu wa sala. Jina lake sitaliandika.

Baada ya wiki mbili mama alikuta chini ya kitanda mabonge ya ugali yaliyoota ukungu, na sukari kwenye kipande cha gazeti. Chakula kilikuwepo mezani kila siku, mtoto anakula anashiba, halafu anaficha. Mama akasema ni wizi. Alimkanya, baadaye akamchapa. Akaendelea kuficha. Pia alikuwa akikojoa kitandani, na kitanda kile nilikuwa nalala mimi. Siku moja mbele ya marafiki zangu nilimwambia maneno ambayo bado nayasikia: "Hapa si kwenu. Nenda kwenu." Hakunijibu. Hakulia hata kidogo. Mimi niliona kuwa ni kiburi.

Alikaa kwetu miezi saba. Baadaye akapelekwa kwa mjomba wake, wilaya nyingine, na sisi tukaambiana kwamba tulijaribu ila mtoto alishindikana.

Sasa nirudi ukumbini. Jumamosi ya pili ya mafundisho nilikuwa nimekaa nyuma kama katibu, naandika. Mama Ustawi akawauliza wanandoa: "Mtoto anakula anashiba, halafu mnakuta ameficha chakula chini ya kitanda. Mtafanyaje?" Wengi walijibu kama mama yangu. Yeye akasubiri, kisha akaeleza taratibu. Mtoto aliyelala njaa siku nyingi hajui kwamba kesho kutakuwa na chakula. Kwake mezani leo si ahadi ya mezani kesho. Haibi, anaweka akiba dhidi ya siku mnayoweza kumfukuza. Mpeni kikopo chake chenye mfuniko, awe na chakula chake humo, mwambieni kitajazwa kila jioni. Baada ya muda ataacha mwenyewe. Na yule asiyelia, alisema, msimwone jasiri. Amejifunza kwamba akilia hakuna anayekuja.

Peni ilinidondoka. Miaka yote nilidhani yule mvulana ndiye aliyeshindikana.

Nia njema na busara

Hapa ndipo falsafa inapoanza kunisaidia. Mtakatifu Thomas wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Wazazi wangu walimtakia yule mtoto mema? Ndiyo, nitawatetea hata mahakamani. Sasa mbona alitoka kwetu akiwa amejeruhiwa zaidi?

Jibu ni kwamba kumtakia mtu mema hakutoshi kama hujui mema yake ni yapi. Thomas huyohuyo anaiweka busara kati ya fadhila kuu nne, na anasema hakuna fadhila nyingine ya maadili inayoweza kukamilika bila hiyo. Busara hapa si ujanja wa mjini. Ni uwezo wa kuona jambo lilivyo kweli, halafu kuchagua njia inayofaa. Mama yangu alikuwa na upendo lakini aliona wizi mahali penye hofu. Kwa kuwa aliona vibaya, upendo wake ulitoka mkononi ukiwa fimbo.

Kwa hiyo nikirudi kwa mzee wangu wa UWAKA, ningemjibu hivi: Baba, usaili ule haupimi kama una upendo. Unakusaidia upendo wako upate macho.

Na tena, sisi Wakatoliki tuache kushangaa. Mimi mwenyewe nachunguzwa tangu nilipoingia seminari ndogo. Kila mwaka walezi wanakaa, wanajadili tabia yangu, afya yangu, sala zangu, hata ninavyokula na wenzangu. Wanaotaka ndoa wanapewa mafundisho, na majina yao yanatangazwa kanisani ili mwenye kujua kizuizi aseme. Hakuna anayesema kwamba Kanisa linautukana wito. Tunasema wito ni mzito, na kuna mtu mwingine atakayeumia tukikosea. Mtoto aliyekwishapoteza nyumba moja ndiye huyo mtu mwingine. Akipoteza ya pili kwa sababu yetu, tumemthibitishia kile alichokuwa akikiogopa.

Kuna pia wale wenye nia isiyo safi, na tusijifanye hawapo. Yule mama aliyetaka binti wa kusaidia kazi hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. Lakini alichokitafuta ni mfanyakazi asiyelipwa. Karol Wojtyła, kabla hajawa Papa Yohane Paulo II, aliandika kwamba mtu hapaswi kutumiwa kama chombo. Stahili yake ni kupendwa. Mtoto asiye na wa kumsemea ni rahisi kutumiwa. Fomu ile ni namna ya jamii kusema: huyu anaye wa kumsemea.

Mtoto si dawa ya mtu

Kati ya waliokuja ukumbini walikuwamo wanandoa waliokaa miaka mingi bila mtoto. Nilidhani hao wangepita haraka kuliko wote, maana nani atampenda mtoto kama wao? Mama Ustawi aliwauliza kwa upole swali ambalo lilifanya ukumbi ukae kimya: "Mmeshamlilia mtoto ambaye hamkumpata?"

Baadaye alinieleza. Usipomlilia yule wa kwenye ndoto, atakayekuja atapimwa naye kila siku, na hatamfikia kamwe. Kisha akasema jambo ambalo nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu: "Frateri, mimi siwatafutii watu watoto. Nawatafutia watoto watu."

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2378, inafundisha jambo hilohilo: mtoto si deni ambalo mtu anadai alipwe, ni zawadi. Hakuna mwenye haki ya kupata mtoto. Mwenye haki ni mtoto mwenyewe. Na namba inayofuata inawatazama wanandoa wasiojaliwa kuzaa, na inataja kuasili watoto walioachwa kama njia mojawapo ya ukarimu wao. Angalia mpangilio huo. Kwanza tunaambiwa mtoto hadaiwi, ndipo tunaambiwa anaweza kupokewa. Ukiupindua mpangilio, mtoto anakuwa dawa ya maumivu ya mkubwa, na dawa isipofanya kazi hutupwa.

Aristotle, katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako, anasema wazazi huwapenda watoto kwa sababu wanawaona kama sehemu yao wenyewe. Ni kweli, ndivyo tunavyoanza. "Ana pua ya baba yake." Lakini mzazi yeyote mwema hufika siku anapogundua kwamba mtoto wake si yeye, ana njia yake, ana Mungu wake wa kumjibu. Hapo ndipo anapoanza kumpenda mtoto mwenyewe, si picha yake ndani ya mtoto. Basi mlezi asiye wa damu anaanzia pale ambapo mzazi wa damu anatakiwa kufika. Hana pua ya kujivunia. Ana mtoto tu, na uamuzi wake. Wahenga walishalisema kwa maneno machache: kuzaa si kazi, kazi kulea.

Neno "kambo"

Kiswahili cha sheria kina majina mawili tunayopaswa kuyatofautisha. Kuna kuasili, ambapo kwa amri ya mahakama mtoto anakuwa mtoto wako moja kwa moja, na anarithi kama uliyemzaa. Na kuna malezi ya kambo, ambapo unamlea kwa muda chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii, na mara nyingi lengo ni arudi kwa wazazi au ndugu zake hali ikitengemaa. Yote yamo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania.

Nadhani neno "kambo" linatuharibia. Ukilisikia unawaza mama wa kambo wa kwenye hadithi, yule wa kunyima chakula. Kumbe malezi haya yanadai upendo mgumu ajabu: kumpenda mtoto kwa moyo wote huku ukijua unaweza kumrudisha. Soma Kutoka sura ya 2. Mama yake Musa alipewa mwanawe amlee kwa mshahara, kama mlezi, ili baadaye amkabidhi kwa binti Farao. Mwanamke mmoja alimzaa, mwingine akamfanya mwanawe, na kati yao Mungu akawaokoa watu wake. Hakuna hata mmoja aliyeweza kusema "ni wangu peke yangu."

Na "kuasili" ni neno zuri kupita kiasi. Ndani yake kuna "asili." Lakini hatari ipo hapohapo, maana wengi wanalielewa kama kufuta asili ya zamani. Wanahama mtaa, wanawaonya ndugu wasiseme, ili mtoto asijue kamwe. Mama Ustawi alilipinga hilo vikali kuliko jambo lolote. Mtoto atajua, alisema. Atajua kwa jirani mwenye hasira, au kwa shangazi kwenye msiba wakati wa kugawana mashamba. Na siku hiyo hataumia kwa kuasiliwa. Ataumia kwa sababu watu aliowaamini walimdanganya. Mwambieni mapema, kwa maneno madogo, muongeze kadiri anavyokua. Kanisa lenyewe haliogopi ukweli huu: Kanuni ya 110 ya Sheria za Kanisa inawatambua watoto walioasiliwa kisheria kuwa watoto wa waliowaasili. Kama Kanisa linasema ni mtoto wako, unaficha nini?

"Lakini watoto wanasubiri"

Hoja moja ya yule mzee naikubali. Wakati sisi tunajaza fomu, mtoto yuko makaoni, na siku zake zinapita. Muda kwa mtoto si sawa na muda wetu. Kuna utafiti unaojulikana sana wa Bucharest, Romania, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watoto 136 waliokuwa wakiishi katika vituo waligawanywa kwa bahati nasibu: 68 walitafutiwa familia za kuwalea, na wengine 68 wakaendelea na utaratibu uliokuwepo. Waliopata familia walikua vizuri zaidi, na waliozipata kabla ya kutimiza miaka miwili walifaidika zaidi. Masista wanaolea watoto wetu wanafanya kazi ya kitakatifu, na nimeona kwa macho yangu wanavyochoka. Lakini sista mmoja mwenye watoto ishirini hawezi kuwa mama wa kila mmoja usiku.

Je, basi tuache maandalizi ili kuwahi? Hapana. Tuwaandae watu kabla mtoto hajahitaji. Ndiyo maana Mama Ustawi alikuja kanisani bila mtoto mkononi. Anataka siku simu itakapolia saa tano usiku, polisi wamemkuta mtoto stendi, awe na nyumba tatu zilizokwisha kuandaliwa. Ucheleweshaji mwingi unaumiza kwa sababu tunaanza kujiandaa mtoto akiwa tayari analia mlangoni.

Na wa kwanza kuandaliwa wawe ndugu. Kwetu Afrika bibi na shangazi wameshabeba watoto wengi kuliko makao yote, na ni sahihi watafutwe kwanza. Lakini bibi naye anahitaji kuelezwa habari ya ugali uliofichwa. Udugu nao hauleti maarifa hayo wenyewe.

Aliyetupokea sisi

Mtume Paulo anatumia picha ya kufanywa wana kueleza tulivyopata wokovu, katika Warumi 8 na Waefeso 1. Thomas wa Akwino, anapolieleza fumbo hili, anaonyesha tofauti moja ambayo imenishika. Mwanadamu anapomfanya mtu mwanawe, humchagua ambaye tayari anaona anafaa. Mungu hafanyi hivyo. Yeye humfanya anayempokea afae, kwa zawadi ya neema yake.

Nilipoisoma hiyo tena, nikakumbuka daftari langu chini ya mwembe. Kichanga. Wa kike. Mwenye afya. Asiye na ndugu. Tulikuwa tunatafuta mtoto anayefaa. Na Jumamosi zile zote ukumbini zilikuwa zinaligeuza swali: siyo kama mtoto anatufaa, bali kama sisi tunamfaa. Hata Mtakatifu Yosefu hakupewa mtoto wa kuchagua. Alipewa Mtoto pamoja na usiku wa kukimbilia Misri, na akajifunza ubaba njiani.

Yule mzee wa UWAKA alirudi, kwa taarifa yenu. Alilalamika Jumamosi zote, na hakukosa hata moja.

Mimi jioni ile ya Jumamosi ya pili nilimpigia mama simu. "Shikamoo mama. Unamkumbuka yule mdogo wetu?" Alikaa kimya muda mrefu. Nikamweleza habari ya kikopo chenye mfuniko. Akasema, "Mwanangu, hakuna aliyetuambia." Kisha akaniambia kwamba miaka yote hii, akisali Rozari, akifika tendo la tano la furaha, pale Bikira Maria anapomkuta Yesu hekaluni, humtaja yule mtoto. Mimi sikujua. Nikamwambia kwamba na mimi nilimfukuza, kwa maneno. Tukasali pamoja kwenye simu. Bado tunamtafuta.

Ya kufanya

Wengi wenu mnaosoma hapa hamjaoa wala kuolewa. Kwa asiye ndugu wa mtoto, sheria ya Tanzania inataka anayeasili awe ametimiza angalau miaka 25 na awe amemzidi mtoto kwa miaka 21, kwa hiyo sikuambii ukachukue fomu kesho. Nakuomba mambo matatu.

Kwanza, kama nyumbani kwenu yupo mtoto aliyeletwa, chunga ulimi wako. "Nenda kwenu" ni maneno mafupi, na yanadumu.

Pili, muulizeni katibu wa Jumuiya yenu kama yupo bibi au shangazi anayelea watoto wa marehemu peke yake. Nendeni mkamfulie, mkamchotee maji, mkawasaidie watoto masomo. Mlezi akichoka mtoto ndiye anayehama.

Tatu, mnaochumbiana, liongeeni jambo hili kabla ya ndoa: tukijaliwa kuzaa au tusijaliwe, mlango wetu utakuwaje?

Tusali. Ee Mtakatifu Yosefu, uliyepewa Mtoto usiyemzaa ukampa jina, nyumba na kazi ya mikono yako: waombee watoto wanaolala leo bila kujua kesho watakuwa kwa nani. Waombee wanaowatafutia familia. Utuombee na sisi, upendo wetu upate macho. Amina.

Ni mimi, frateri wenu. Mniombee.